Jumapili za Kula Nyumba kwa Nyumba

Enzi zetu, mtoto wa Kikristo aliyekulia Wete alilijua neno "uhamisho" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ninyi wa rika langu mliosali katika kile kikanisa chetu cha mabati mtanielewa. Waumini karibu wote walikuwa wabara walioletwa Pemba na kazi ya serikali, polisi, wauguzi, walimu, na kila mmoja alikuja na masanduku ambayo hakuyafungua yote, maana alijua atayafunga tena. Ni sisi tu tuliokuwa hatuna wa kutuhamisha. Baba yangu alikuwa fundi seremala. Alikuja kijana kutengeneza milango kwa mwenye duka mmoja pale mjini, akapapenda, akapanga nyumba mtaa wa Jadida, akamleta Mama, nikazaliwa mimi. Fundi seremala hahamishwi na mtu, kwa hiyo wengine walihama na sisi tukabaki.

Nakumbuka Jumapili za msimu wa karafuu. Njia nzima imetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, nasi tunapita pembeni na nguo zetu za kanisani kwa adabu zote, kwani ukizikanyaga karafuu za mtu utatajwa wewe, baba yako na babu yako. Hata Biblia ya Baba ilinukia karafuu. Tulikaa kwenye mabenchi aliyoyapiga randa yeye mwenyewe, marefu kuliko tulivyohitaji, kwa sababu imani yake ilikuwa kubwa kuliko mahudhurio. Mchungaji alitufikia mara moja moja kutoka mbali. Siku nyingine zote Baba ndiye aliyefundisha, kwa sauti ile ile aliyotumia kumweleza mteja kwa nini kitanda chake hakijakwisha.

Mahali alipopapenda ni Matendo ya Mitume, pale waumini wa kwanza wanapodumu katika mafundisho na ushirika, katika kuumega mkate na kusali, wakila pamoja nyumba kwa nyumba. Wahubiri wengi wakifika hapo hukimbilia kwenye wale maelfu waliobatizwa. Baba alisimama kwenye chakula.

"Kuongeza watu ni kazi ya Bwana, ndivyo ilivyoandikwa," alikuwa akisema. "Yetu sisi ni kufundishana, kuomba na kula pamoja. Hata kula kumewashinda?"

Basi ikawa sheria. Ibada ikiisha hakuna anayekwenda kwake, wote tunaelekea nyumba yenye zamu. Wiki hii ni kwa muuguzi, ndizi za nyama kama za kwao. Wiki nyingine ni kwa polisi, ugali mgumu unaoweza kujengea ukuta, na dagaa wa kukaanga tuliowagombania watoto mpaka tukachapwa. Zamu ikiwa yetu, Mama alipika shelisheli la nazi na pweza, na pweza yule alipigwa alainike tangu alfajiri mpaka mtaa mzima ukajua Jumapili hii wabara wanakula wapi. Bi Zuwena, jirani yetu, Mpemba wa asili na asiyekosa sala hata moja, alichungulia uani na kuuliza, "Leo mwala kwenu au mwala kwa watu?" Mama alimtilia sahani, na Ramadhani ikifika sahani ile ilirudi na tambi za sukari zilizojaa iliki. Sisi tukishashiba tulicheza nage na kombolela mpaka sauti zikakauka, tukarudishwa nyumbani tumebebwa mabegani, miguu myekundu kwa vumbi.

Sheria ya pili ya Baba ilitoka kwa Paulo, pale anapomwagiza Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Kwetu maana yake ilikuwa hii: aliyepata uhamisho alisimama mbele yetu, akataja kazi aliyokuwa akiifanya kanisani, kisha akamtaja anayemwachia. Hakuruhusiwa kupanda meli bila kufanya hivyo. "Wewe unahama, kazi haihami," Baba alimwambia kila mmoja. Hata watoto tulikuwa na kazi zetu. Rehema, binti wa polisi, rafiki yangu niliyelala naye kitanda kimoja kila mama yake alipokuwa zamu hospitali, kazi yake ilikuwa kuanzisha nyimbo. Alikuwa na sauti ya kumtuliza mtoto mchanga. Baba yake alipohamishiwa bara, Rehema alisimama na gauni lake la njano, akatazama huku na huku, akanitaja mimi.

Mimi sauti yangu mnaijua. Jumapili iliyofuata nilianzisha wimbo juu mno, ubeti wa pili wanaume wote wakawa wanakohoa. Nikaanza upya, nikashuka chini, sasa wakawa wananguruma. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu Rehema angecheka.

Siku ya kuwasindikiza bandarini nilipunga mkono mpaka Mama akaushusha mwenyewe. Nyumbani nilijibanza nyuma ya banda la kuku nikalia. Bi Zuwena akanikuta.

"Walilia nini, mwanangu? Wenzio washakwenda zao?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, njoo ule. N'na mkate wa kumimina, wa moto."

Nikala nikiwa na kwikwi, huku yeye akinifuta pua kwa ncha ya kanga. Baada ya Rehema walikuja wengine, na wengine, na wote walikwenda. Nilijifunza kutompenda sana mtoto mgeni mpaka baba yake atimize mwaka wa pili, na nikishampenda ndipo anapohamishwa.

Siku moja nilimuuliza Baba mbona kanisa letu halikui. Mabenchi ni yale yale, watu ni wale wale wachache, sura tu ndizo zinabadilika. Baba alikuwa anapiga msasa. Akaniambia Paulo alipanda na Apolo akatia maji, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa mahali pamoja. "Linakua, mwanangu. Ila linakulia kwingine." Alikuwa na hakika kwamba kila aliyekula mezani petu anakula na watu huko aliko, Tabora, Mwanza, Songea. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua macho, "Na sisi tumepewa karama ya kupunga mikono." Siku ile niliona Mama anamkosea Baba. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, na namwelewa.

Baba na Mama wamelala Wete. Mume wangu pia. Bi Zuwena keshatangulia mbele ya haki, na wanawe wameuza nyumba. Watoto wangu wako Dar es Salaam, na kila wiki wananipigia. "Mama, njoo huku, makanisa yamejaa, unachagua tu kama nguo mitumbani." Nilikwenda Krismasi moja. Kanisa kubwa, skrini tatu, vijana wanaruka jukwaani kama wamekanyaga siafu. Mhubiri akasema mwambie jirani yako umebarikiwa, na binti aliyekaa karibu nami akaniambia nimebarikiwa akiwa anasoma simu. Ibada ilipoisha aliondoka bila kuniuliza jina. Mkwe wangu anahudhuria semina za ukuaji wa kanisa, ananieleza habari za mikakati na malengo ya robo mwaka. Nikamuuliza huwa mnakula wapi mkitoka ibadani. Akacheka, akasema Mama, kila mtu anaagiza kwa simu.

Hata hivyo upweke wa Jadida ni mkubwa, nikakata shauri kuhama. Nilitaka niondoke kwa utaratibu wa Baba. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya kanisa, yaani askari wawili, mwalimu kijana anayekuja kutoka Micheweni na kubadili gari Konde, muuguzi mgeni, na mume na mke wenye watoto, mmoja mchanga. Nikataja kazi zangu, maana za walioondoka zote zimeniangukia mimi: kufagia, kufundisha watoto, kuanzisha nyimbo, na kupika Jumapili. Hilo la mwisho nililitaja kwa aibu. Zamu zilikufa zamani. Kwa miaka sasa napika sufuria kubwa, nawakaribisha, wananishukuru sana, kila mmoja anakwenda kwake, nami nakula kiporo mpaka Jumatano.

Askari wakachukua ufagio. Mama wa mtoto mchanga akachukua kufundisha watoto. Mwalimu akachukua nyimbo kwa furaha, akasema ataziweka kwenye simu na kuzirusha kwenye grupu, hata asiyefika ataimba akiwa kitandani. Kupika hakukupata mtu. Walitazama sakafu. Wanaishi chumba kimoja kimoja, jiko liko mlangoni, na nadhani hakuna aliyezoea kualikwa hata akajua kualika. Nikakaa. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kufunga mizigo akaambiwa meli haipo.

Nilipofika nyumbani, nimeshapakua peke yangu, nikasikia hodi. Ni yule muuguzi, Happy. Alisema amepita tu. Nikampakulia. Alikula, akaongeza, akaongeza tena, kisha akaweka kijiko chini, machozi yakamtoka. Akaniambia tangu ateremke bandarini hajala na mtu. Chakula chake hukila amesimama, akitazama picha za watu wengine wanaokula. Mimi nilidhani Jumapili zote zile mpweke wa kanisa letu ni mmoja, na ni mimi.

Wakati wa kuaga akauliza kama anaweza kuja tena wiki ijayo. Nikamwambia hapana, wiki ijayo ni zamu yake.

"Mama, mimi nina sufuria moja!"

"Basi tutakula kilichomo."

Binti yangu alipopiga kuuliza nitakata tiketi lini, nilimwambia kazi moja bado haijapata mtu.

Jumapili iliyopita nimekwenda kwa Happy. Kiti ni kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kitandani. Wali uliungua kidogo, maharage yalihitaji moto zaidi, na nilikula kila kitu. Aliongea kama mtu aliyefunguliwa mdomo, habari za mama yake, za wodini, za mchumba asiyepokea simu. Njiani kurudi nilifurahi, kisha nikahuzunika, maana namjua mtu wa serikali. Ataondoka huyu, atakwenda kuwapakulia watu wa mahali ambapo mimi sitafika. Enzi zetu zamu ilizunguka wiki nyingi kabla ya kurudi nyumbani kwetu, mpaka tukaisahau. Sasa ikitoka kwake inarudi kwangu, na akihamishwa itakaa kwangu.