Kamyo Haingoji Mupira

Mpaka leo, kwenye soko la Mweso, watu wananiuliza: ni kocha ao ni komite njo iliangusha timu yetu? Wananiuliza mimi, bibi ya kocha, huku wanachambua maharagwe yangu. Ninawaambia waende kuuliza ile kamyo.

Prezida wa timu alikuwa mufanyabiashara. Kamyo yake ilikuwa inapeleka maharagwe na viazi Omate, kwenye machimbo ya Walikale, na mechi za kule zilipangwa siku kamyo imejaa. Wachezaji walipanda bure juu ya magunia, kila muntu akasifu: angalieni vile papa anapenda vijana. Barabara ile nimeipita mwenyewe, inatoa muntu roho. Wakifika, kwanza wanashusha muzigo wa papa. Kisha njo wanavaa jezi.

Bwana yangu alimufuata dukani, kofia mukononi. "Papa Prezida, utuachie hata siku moja ya kupumzika."

Yule hakuinua hata macho. "Kocha, kamyo haingoji mupira."

Safari moja nilienda nao, kuuza fromaji, jibini ya kwetu. Nikamuona kipa wetu amepiga magoti nyuma ya goli, anashindwa kufunga kamba za viatu. Magunia yalikuwa yamemaliza vidole vyake. Mupira wa kwanza ukamuponyoka, na wa pili vilevile. Bwana yangu alikaa kwenye benchi, hakumugombeza.

Tulipigwa hivyo mpaka komite ikaitisha mukutano. Prezida akasimama na suti yake, akasema wachezaji wanachoka kipindi cha pili, maana yake kocha hajui mazoezi. Nikangoja vijana waseme. Wakaangalia miguu yao. Nikangoja bwana yangu aseme, na yeye pia akanyamaza.

Nyumbani nilimuwakia. Wewe ni mwanaume gani? Akanijibu polepole, "Nikimuaibisha, atawanyima kamyo. Vijana watacheza wapi?" Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Sawa, lakini yeye alimupisha na nyumba yetu njo ilibaki na aibu.

Wakamufukuza. Wakaleta kocha mupya kutoka Goma, na diplome yake. Safari ya kwanza, kamyo ikapita mbele ya nyumba yetu asubuhi, vijana juu ya magunia, kocha mupya katikati yao ameshikilia kamba. Bwana yangu alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akakimbia mpaka barabarani, na moyo wangu ukafurahi: sasa atasema, sasa atawatukana wote.

"Kipa! Beba kwa bega! Usishike gunia kwa vidole!"

Kipa akainua mukono. Prezida, kwenye kabini, akacheka, akamupungia bwana yangu. Mimi niliingia ndani, nikalia kwa hasira. Katika yote aliyojua ya mupira, hilo njo alibaki na ruhusa ya kuwafundisha.