Mtaro Uliotangulia Mabomba

Naikumbuka vizuri ile Jumapili ambayo Mzee Aloisi aliniuliza swali moja mbele ya watu, nami nikamjibu kwa jeuri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi hapo Moshi mjini, msichana peke yangu katika darasa la mafundi wa maji, na nilirudi nyumbani Marangu nikitembea kama mtu asiye na la kujifunza tena. Mwanangu, ukinisikia leo ninavyoongea polepole, usidhani nilizaliwa hivi.

Kijiji chetu kilikuwa kinahangaikia maji. Chanzo kilikuwepo huko juu, karibu na mpaka wa msitu, lakini akina mama walikuwa wakishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na mtu akilazwa zahanati ndugu zake ndio waliomtekea maji. Kamati ikaundwa. Kwa kuwa mimi nilikuwa na cheti, nikapewa kazi ya kupanga ratiba.

Niliipanga peke yangu, kwa kikao kimoja, juu ya meza ya mama. Nikaandika kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa: wiki ya kwanza na ya pili, kuchimba mtaro kutoka chanzo hadi zahanati. Wiki ya tatu, mabomba. Baadaye tangi, na mwisho chemba ya kukinga maji, vyote pale kwenye chanzo. Ukiniuliza kwa nini mtaro ulitangulia, nitakwambia ukweli: kuchimba kulikuwa rahisi, watu walikuwa na moto wa kuchimba, na mtaro unaonekana. Nilitaka ndani ya siku chache kila apitaye aseme, yule binti kweli amesoma.

Jumapili hiyo, baada ya misa, nikaibandika karatasi kwenye ukuta wa kanisa na watu wakaja kuitazama. Mzee Aloisi akaja naye. Alikuwa ametumia ujana wake wote kulaza mabomba kwenye mashamba ya miwa kule chini, kisha akarudi kwenye migomba yake. Akaisoma ratiba yangu mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, halafu akanigeukia.

“Binti, mabomba yako wapi?”

Nikamjibu kwamba yameagizwa Kenya na yatapita mpakani Holili wiki ya tatu.

“Umeyaona?”

“Yapo kwenye ratiba, mzee,” nikasema, na wenzangu wa rika langu wakacheka.

Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba angependa ayaone kwa macho kabla jembe halijagusa ardhi, akaenda kukaa. Kamati ikaifuata karatasi yangu.

Tukaitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila nyumba hutoa mtu. Watu walichimba hata nikashangaa. Siku tisa, mtaro ukawa umekatisha vihamba vyote, yale mashamba yetu ya nyumbani, katikati ya kahawa na migomba, ukishuka na mteremko hadi zahanati. Nilisifiwa. Mwenyekiti wa kamati alinishika mkono mbele ya watu.

Wiki ya tatu ikaja, mabomba hayakuja. Nikapanda gari hadi Holili. Nikakuta mzigo umezuiwa mpakani kwa sababu kuna fomu iliyotakiwa kusainiwa wilayani, na hakuna aliyeipeleka. Asingekuwepo wa kuipeleka, kwa maana haikuwa kwenye ratiba yangu. Mimi niliandika “mabomba,” neno moja. Kumbe ndani ya neno lile kulikuwa na kazi tano, kila moja na ofisi yake na foleni yake, na zote zilitakiwa kuanza kabla ya mtu kushika sululu.

Nilikuwa bado nazungushwa kati ya wilayani na mpakani mvua za masika zilipoanza.

Unaujua mteremko wetu. Mtaro ulio wazi kwenye mteremko ule, mvua ikishika, unakuwa mto. Maji yalikuja yakila kingo, yakibeba ule udongo mweusi watu waliouwekea samadi miaka na miaka. Tulijaribu kufukia, lakini udongo tuliorudisha leo ulikuwa umeondoka kesho yake.

Palipoumia zaidi ni kwa Mama Filomena, mjane aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Mtaro ulipita hatua chache tu kutoka bandani. Jumapili nyingine, tukiwa kanisani, mtu akaja mlangoni kuwaita wanaume. Ukingo ulikuwa umebomoka na kushuka na upande mmoja wa banda, na ng'ombe ndani yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Walimwinua kwa kamba na magogo, lakini mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, ikabidi achinjwe palepale. Mama Filomena alisimama pembeni ameshika kamba ya ng'ombe wake. Hakulia wala hakunitazama.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Kesho yake Mzee Aloisi akaja. Nilimwamkia shikamoo, nikijua sasa atanisema. Aliniuliza kama nimekwenda kwa Filomena. Nikasema naogopa. Akatoka nje, akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, akanipa. Kwetu jani hilo ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Tukaenda wote.

Mama Filomena alilipokea. Akaliweka magotini, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba katika kila kazi niliyofanya tangu siku ile.

“Mwanangu, nilikuruhusu upite kwangu kwa sababu ulisema utafukia wiki ya tatu. Ulipokuwa unachimba, ulikuwa hujui utafukia lini.”

Baba yangu aliposikia, alimpelekea mtamba aliyekuwa ameahidiwa kuwa wangu. Hakunishauri kwanza, na sikuona sababu ya kushauriwa.

Mzee Aloisi hakuniacha hapo. Aliniita kwake, tukakaa barazani na karatasi mpya, akanikataza kuandika wiki yoyote. Alinitaka nianze na koki ya zahanati. Maji yanatoka hapa, akasema. Ili yatoke, ni kitu gani lazima kiwe kimekwisha? Nikasema mabomba yawe yamefika kwenye koki na yamejaribiwa. Na ili yajaribiwe? Tangi liwe limejaa. Na ili lijae? Zege lake liwe limekauka, na chemba iwe imejengwa juu. Tukaenda hivyo, tukirudi nyuma hatua kwa hatua, hadi tukafika kwenye ile fomu ya wilayani, ambayo sasa ilikuwa ya kwanza kabisa. Kuchimba mtaro kulikuja karibu na mwisho. Niliona aibu, lakini pia niliona nimefundishwa kazi yangu kwa mara ya kwanza.

Masika yalipokwisha tukaanza upya. Msaragambo wa kwanza walikuja watu kumi na mmoja, na sikuwalaumu waliobaki nyumbani. Mabomba yalikuwa tayari stoo, chemba imejengwa, tangi limejaa. Tulichimba kipande asubuhi, mchana tukakilazia bomba na kulifungulia maji tuone kama linavuja, jioni tukafukia. Hakuna mtaro uliolala wazi. Watu walipoona kipande kilichoanzwa kinamalizwa siku hiyohiyo, wakarudi mmoja mmoja. Kahawa ilipoanza kuvunwa, zahanati ilikuwa na maji. Yule mtamba naye akazaa baadaye, ila Mama Filomena alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila maziwa ya kuuza, na mwaka huo hakuna aliyeweza kumrudishia.

Basi, mwanangu, wewe unayepanga kazi zako kwenye simu na rangi zake nzuri, nisikilize. Usiipange kazi kwa urahisi wake wala kwa jinsi itakavyoonekana. Anza na kile unachotaka kiwepo mwisho, urudi nyuma ukiuliza kila kazi inasubiri nini. Zile zinazosubiri saini ya mtu, mzigo wa njiani au zege kukauka, zianze mapema, maana hazikimbii hata ukiongeza mikono. Neno moja kwenye ratiba ulifungue, uone lina kazi ngapi ndani. Tazama kalenda ya mvua kabla ya kalenda yako. Usifungue kwa mtu kitu ambacho hujui utakifunga lini. Na mwenye uzoefu akikuuliza swali fupi, usimjibu kwa karatasi, nenda ukahakikishe.

Mungu akupe kazi inayowafaa watu, akupe na utulivu wa kuipanga kabla ya kuianza. Wasikose kamwe watu wa kukuuliza bila kukuogopa, na kila utakachoanzisha ukimalize, pasiwe na atakayeumia kwa sababu yako.