Mpanga Zamu wa Hoteli ya Skewes

Kama hujawahi kupanga zamu za watu thelathini na mmoja wanaopika, kumimina bia na kubeba sahani, usije kuniambia kazi yako ni ngumu. Mimi nimebeba sahani kwenye hoteli ya Trevor Skewes, hapa mjini Ballarat, miaka kumi na sita, na sijawahi kumwona Noelene Prowse, mpanga zamu wetu, akinywa chai amekaa. Anainywa wima, simu mkononi, macho kwenye ratiba aliyoibandika mlangoni pa chumba cha baridi.

Na simu yenyewe haina adabu. Huyu anaumwa, na kila Jumatatu baada ya mpira anaumwa. Yule amebadilishana zamu na mwenzake bila kumwambia mtu. Noelene anafuta, anaandika, anafuta tena, mpaka mimi niliyesimama pembeni nahisi kuwashwa mwili mzima.

Lakini ukimgusa kwenye mapumziko ya watu, utamjua. Oktoba iliyopita mpishi wetu, Dougal, alitaka kufunga jiko Jumamosi saa tano usiku na kulifungua Jumapili saa tatu asubuhi.

"Si saa kumi kamili hizo?" Dougal akamwambia. "Sheria inataka kumi. Tatizo lako nini, mama?"

"Usiku huo saa za kiangazi zinaanza, mishale inasogezwa mbele saa moja, we kichwa maji. Zinabaki tisa."

Dougal akahesabu kwa vidole, akarudi kwenye viazi vyake.

Sasa mwaka huu Trevor akaingiwa na woga. Sheria zimekazwa, bosi anayewapunja wafanyakazi makusudi anaweza kwenda jela, na Trevor jela haiwezi, hata godoro la hotelini kwake humuumiza mgongo. Akaajiri mkaguzi, mama mmoja mkavu aitwaye Anneke Vos. Halafu akasema mbele yetu sote, hana hata haya: "Noelene, akikuta umekosea popote, ratiba naikabidhi kwa mtu mwingine."

Noelene akachukua simu yake, akatoka. Baadaye nilimkuta kwenye chumba cha mapipa ya bia, anapanga mapipa ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mumewe, Col, alifariki miaka mitatu iliyopita na hawakuzaa.

"Lorna," akaniambia, "hawa watu wakininyang'anya ratiba, mimi nimekwisha."

Anneke alikaa na makaratasi siku mbili, meza ya karibu na jiko. Siku mbili hizo Noelene alifuta meza ya jirani mpaka nikamnyang'anya kitambaa. Siku ya pili, saa nane mchana, Trevor akiwa amesimama hapo, Anneke aliinua kichwa.

"Jumapili hii ya Oktoba. Nani aliona kwamba mpishi atapungukiwa saa moja?"

"Mimi," Noelene akasema.

"Nimekagua hoteli nne mwaka huu. Hakuna mwingine aliyeliona."

Jamani! Nilitaka kupiga vigelegele. Noelene akashusha pumzi, nikaona mabega yake yanalegea.

"Na wewe?" Anneke akaendelea. "Zamu zako ziko wapi?"

Noelene akacheka. "Mimi si ndiye ninayepanga?"

"Ndiyo. Lakini jina lako silioni hata wiki moja."

"Huyo ana mshahara wa mwaka, halipwi kwa saa," Trevor akadakia.

"Hata wa mshahara wa mwaka, saa zake huandikwa. Unafanya kazi siku ngapi, Noelene?"

"Tano. Saa nane nane."

Hakupepesa jicho. Mwanamke aliyegombana na wapishi kwa ajili ya dakika kumi za watu wengine!

Anneke akanigeukia. "Wewe Lorna, ni siku gani umewahi kufika hapa ukamkosa?"

Noelene alinitazama, na nilielewa kabisa alichokuwa anakiomba. Ningeweza kusema Jumatatu. Neno moja tu, yaishe. Lakini nikamwona Trevor anachunguza dari kana kwamba swali halimhusu, hasira ikanipanda.

"Hakuna," nikasema. "Hata siku tuliyomzika mumewe, jioni alikuja."

Trevor akawa mwekundu mpaka masikioni. Wiki ile ile jina la Noelene likaandikwa juu kabisa ya ratiba: Jumatatu na Jumanne ni mapumziko, na simu ya kazi ibaki ofisini. Siku hizo mbili ratiba itashikwa na msichana wa kaunta.

Noelene hakunisemesha siku tano. Ya sita akanipita jikoni, akasema, "Umeniuza," akaenda zake. Iliniuma, nisikudanganye. Usingizi ulinipaa.

Jumatatu yake ya kwanza na mimi sikuwa na zamu. Saa nne asubuhi nikabisha kwake na keki, nikijiandaa kufukuzwa. Alifungua amevaa viatu vya kazi, kamba amezifunga.

"Nimeosha madirisha," akasema. "Nimeosha na ya jirani. Bado ni saa nne."

"Noelene, mwenzangu..."

"Usiniite mwenzako. Ingia. Umeyataka mwenyewe haya, kwa hiyo leo uko na mimi mpaka saa kumi na moja jioni, na hutoki hata dakika moja kabla."

Nikavua koti, nikakaa.