Uzi Ulikuwa Kwenye Kopo

Nakumbuka, mwanangu, Jumatano moja ya mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na kumi na saba, baridi ya Johannesburg ilipokuwa imeingia mpaka kwenye gundi. Haikushika kiatu mpaka uipashe moto. Nilikuwa nimekaa kibandani kwangu Rosettenville, ninakoshona viatu, mke wangu akiwa na siku ishirini na sita kaburini. Siku hiyo nilisema uongo mmoja mdogo, nao ukanielemea kuliko gunia la makaa.

Wazee hupenda kusimulia makosa ya ujana wao, maana yako mbali na hayaumi tena. Langu nililifanya nikiwa na miaka hamsini na minne, mvi kichwani. Nakuambia hivyo usije ukadhani akili inaota pamoja na ndevu.

Shabani, mwanangu wa kumzaa, alikuwa anasoma chuo kimoja kule Braamfontein, na alikuwa anacheza besiboli. Mchezo wenyewe sikuujua vizuri, wala leo siujui sana. Ninachojua ni kwamba mmoja anarusha mpira, wa timu ya pili anaupiga kwa gongo na kukimbia, na nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, aliyevaa glavu nene ya ngozi mkono wa kushoto. Shabani ndiye alikuwa mdakaji. Mama yake ndiye aliyemnunulia glavu ile, mitumba, akaja nayo nyumbani ameivaa mkononi huku akicheka. Kila mechi alikwenda kukaa kwenye uzio, akashangilia hata mahali pasipostahili kushangiliwa.

Timu yao ilikuwa dhaifu. Msimu mzima ilifungwa, hata wenzao wakaiita "mapumziko", kwamba ukikutana nayo unapumzika. Lakini siku ya mwisho ya makundi walishinda mechi ambayo hakuna aliyewatazamia kushinda, wakaponea tundu la sindano na kuingia robo fainali. Jioni ile nilimsikia Shabani chumbani akizungumza kwa simu na wenzake. Alikuwa anacheka.

Mwanangu, nitakuambia kweli yote, hata ile inayonivua nguo. Kicheko kile kilinichoma. Nilijiuliza, mtu anachekaje na mama yake hajatimiza hata mwezi? Sikumwambia neno. Niliweka moyoni, na moyo si ghala zuri la hasira. Mambo huoza humo.

Basi Jumatano ile akaja kibandani na mwenzake Patrice, mrushaji wao, kijana wa Kikongo kutoka Lubumbashi. Mshono wa glavu ulikuwa umefumuka kwenye kidole gumba. Mechi ilikuwa Jumamosi.

"Baba, itakuwa tayari Ijumaa?" Shabani akauliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake ulizaliwa huku.

Nikaiangalia. Ilikuwa kazi ya saa moja. Uzi wa nta ulikuwa kwenye kopo la maziwa, juu ya rafu, nyuma ya kichwa changu.

"Haitawezekana," nikasema. "Uzi wake umekwisha."

Patrice akainama. "Papa, uzi ya namna hii inapatikana fasi gani? Siye tutatembea mpaka tuipate."

"Haipatikani ovyo," nikasema. "Iacheni hapa."

"Sharp, Baba," Shabani akasema, yaani sawa, wakaenda. Nami nikajiambia kuwa nimelinda heshima ya msiba.

Jumamosi sikwenda uwanjani. Shabani aliazima glavu ya mtu mwenye mkono mdogo. Walishinda! Wale "mapumziko" walishinda robo fainali. Lakini alipokaa kula jioni, niliona anamega ugali kwa vidole vya kulia huku mkono wa kushoto ameuficha chini ya meza. Nikamwambia autoe. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama ndizi mshale, cheusi kwenye kucha.

"Eish, si kitu, Baba. Glavu ilikuwa ndogo, basi."

Chakula kilinishinda. Usingizi nao ukanikataa.

Kesho yake Bi Zuhura alikuja kibandani kupanga hitima ya arobaini. Bi Zuhura ni mtu wa Tanga kama mimi, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, na ndiye aliyemwosha mke wangu. Nikamwamkia, nikampa kigoda. Macho yake yakaangukia glavu chini ya meza.

"Na hili dubwana?"

"La Shabani, Bi Zuhura. Nimeshindwa kulishona, uzi umekwisha."

Akanyanyuka taratibu, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akalishusha kopo. Akavuta uzi mrefu kama dhiraa mbili.

"Na huu nini, Baba Shabani? Tambi?"

Nikamweleza, kwa sababu kwa mtu aliyemwosha mkeo huwezi kujifunika. Nilimwambia kicheko, na kidole, na uongo.

Hakunigombeza kwa sauti kubwa. Alisema, "Mimi nimeosha maiti wengi. Anayelia na anayecheka, wote nimewaona mlangoni, na sijajua bado nani anaumia zaidi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hata kwa kitabu, eda ni ya mjane. Wewe mwanamume huna eda, sembuse mtoto. Wewe hukulinda msiba, baba. Ulitaka mwenzio wa kulia naye, ukaona bora umvunje mkono ili alie."

Nikaiokota glavu, nikaiweka magotini.

"Sasa sikiliza," akasema. "Uongo uliusema mbele ya vijana wawili. Hautatoka kwa kumwambia mmoja chumbani. Utautengua mbele ya hao hao wawili."

Hapo nikamkumbuka marehemu fundi wangu wa Tanga, aliyenifundisha kazi nikiwa na miaka kumi na sita. Siku moja nilishona kiatu nje kikapendeza, ndani nikaruka mishono, nani ataona? Fundi akakifumua chote mbele ya mwenye kiatu, akaniambia, "Mshono wa nje unamfurahisha mteja. Wa ndani ndio unaombeba." Nilikuwa nimeishi na neno lile miaka karibu arobaini, nikiwafundisha wengine, na sasa mshono wangu wa ndani ulikuwa umefumuka.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikapanda basi mpaka Braamfontein, glavu kwenye mfuko wa nailoni. Kwanza nilimkuta Shabani anatoka zahanati ya chuo. Walikuwa wamempiga picha ya mkono. Mfupa haukuvunjika. Mwanangu, nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka.

Patrice alipofika nikawaambia wote wawili, pale pale kando ya roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, magari yakipiga honi. "Uzi haukuwa umekwisha. Ulikuwa kwenye kopo. Niliwadanganya."

Shabani akatazama viatu vyake. "Nilijua, Baba. Kopo nililiona."

"Na hukusema?"

"Nilidhani Baba hawezi kuishika glavu bado. Kwa sababu ya Mama." Halafu akaongeza polepole, na safari hii kwa Kiswahili, "Mimi pia, mara ya kwanza baada ya msiba, nilishindwa kuivaa."

Patrice ndiye aliyetuokoa. Alitumbukiza mkono mfukoni akatoa kibunda cha uzi wa buluu wa kuvulia samaki. "Papa Fundi! Mimi nilitembea mpaka Yeoville, duka kwa duka. Nilifikiri uzi ya Joburg yote imeisha! Nilipata hii tu."

Tukacheka. Ndiyo, na mimi nilicheka, siku ya thelathini na moja.

Niliishona glavu usiku huo huo, mishono ya ndani kwanza. Uzi wa Patrice haukufaa kwa ngozi, lakini nilipiga nao mshono mmoja kwenye gumba, wa buluu, uonekane. Safari zake za Yeoville zisipotee bure.

Jumamosi nilikwenda uwanjani, nikakaa kwenye uzio, pale alipokuwa akikaa yeye. Nyasi zilikuwa za manjano kwa baridi. Shabani alikuwa amefungwa gumba kwa plasta. Ilikuwa nusu fainali, na zamu ya mwisho timu ya Shabani inaongoza kwa pointi moja. Mkimbiaji wa wapinzani wao akaja mbio kutoka pembe ya mwisho. Akifika nyumbani, alipo mdakaji, wanasawazisha. Mpira ukarushwa kutoka mbali. Sikuuona ukija. Niliusikia ukiingia kwenye glavu, pa!, sauti ya ngozi iliyoshonwa vizuri, na mimi sauti hiyo naijua. Mkimbiaji akamgonga, wote wawili wakaanguka vumbini. Kisha Shabani akainua mkono wa kushoto, na mpira ulikuwa ndani: mkimbiaji katoka, wameshinda.

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu mazishini. Nikapiga kelele, nadhani mahali pasipostahili.

Saa kumi na moja jioni, baada ya Alasiri, tukasoma hitima ya arobaini nyumbani, tuliyoitanguliza siku chache ili watu wapate nafasi. Timu nzima ilikuja, Wakristo kwa Waislamu, wakakaa kimya kwenye mkeka wakala wali wa Bi Zuhura. Nilipotoka nje niliona viatu vyao vya njumu vimejipanga mlangoni, vina vumbi la uwanja. Vya wawili kati yao soli zilikuwa zimeachia. Nikavichukua nikavitengeneza. Siku iliyofuata walifungwa fainali, tisa kwa moja. Hakuna aliyenuna.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Usimpangie mtu namna ya kulia. Ukiwa na uchungu, useme ni uchungu. Usiuvike kilemba ukauita heshima, maana la kuvunda halina ubani. Na ukisema uongo, urudi haraka mahali ulipousemea, mbele ya walewale uliowaambia. Aibu ya kando ya roboti ni ya dakika moja. Ningekaa nayo moyoni, ningekuwa nayo mpaka leo.

Mungu akutilie nguvu mishono yako ya ndani. Akujaalie watu watakaokusubiri mpaka uweze kushika usichoweza kushika. Na siku ya msiba wako, viatu vya rafiki visikosekane mlangoni pako. Amina.