Kifuniko cha Ndege ya Kaka Mkubwa

Kaka yangu ni fundi wa kuandika mabango, na mtaa mzima unamwita Milimita. Jina alipewa na mwenye duka la viatu, siku kaka alipopanda tena ngazi kufuta bango zima lililokwisha kukauka, eti herufi moja imelala upande. Mwenye duka akamsihi, "Bwana wee, nani ataona?" Kaka akamjibu, "Mimi." Ndivyo alivyo, na mimi mdogo wake, kitinda mimba, presha yangu imeanzia kwake.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeombwa na mama amtengenezee ndege.

Tulizaliwa watatu. Kaka mkubwa alichaguliwa kusomea urubani jeshini, na asubuhi moja alipaa peke yake na ndege ya jeti ya mafunzo, ikaanguka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wakaleta jeneza limefungwa, wakatukataza kulifungua, tukazika tulicholetewa. Miaka thelathini na mitatu baadaye macho ya mama yakaanza kuingia ukungu, na daktari akasema hayatarudi. Mama hakulia. Alimwita Milimita akamwambia, "Baba, nitengenezee ndege ya mwanangu niione kabla macho hayajazima. Yeye walinikatalia kumwona. Basi nione hata ndege."

Kaka akaagiza boksi la vipande vya plastiki, ndege ileile iliyopunguzwa mara arobaini na nane, ambayo ikikamilika inakaa kwenye sinia. Kuiunganisha ni kazi ya wiki mbili. Lakini picha juu ya boksi ilikuwa ya ndege ya miaka ya baadaye, ya kijani yenye madoa, na Milimita akasema ya kaka mkubwa haikuwa hivyo. Ilikuwaje basi? Hapo ndipo mateso yalipoanza. Sisi tulikuwa na picha moja tu, nyeusi na nyeupe: kaka mkubwa kaegemea ndege, mkono juu ya bawa, anacheka, bega limeziba nusu ya namba ya mkiani. Ncha za mabawa zimetoka kijivu kilichokolea. Nyekundu ile, au machungwa? Kaka aliipima picha kwa rula na lenzi mpaka nikahofia ataitoboa. Alipaka vipande kumi na moja vya bati rangi mbalimbali, akavipiga picha nyeusi na nyeupe ili alinganishe. Aliandika barua kwa kila mstaafu wa jeshi la anga aliyemsikia.

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Mama akaanza kunitambua kwa mwendo wangu, na maji yakanifika shingoni. Nikamvamia kaka kwenye chumba chake cha kazi, katikati ya makopo ya rangi.

"Wewe! Macho ya mama yanakwenda, wewe unacheza na vibati! Paka nyekundu yaishe!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Hata hakuinua kichwa. "Nikikosea," akasema, "nitakuwa nimemwonyesha mama ndege ya mtoto wa mtu mwingine."

Nikabamiza mlango nikaondoka.

Mwaka wa tatu akajibiwa na fundi mmoja mstaafu, mzee aliyewahi kuzihudumia ndege zile kikosini. Kaka akaenda kwake peke yake. Akarudi na kifuniko cha kopo la rangi ambacho mzee alikihifadhi kwa kuwekea misumari. Pembeni palikuwa na tone lililoganda miaka yote hiyo. Machungwa. Wanafunzi walikuwa wakipotea angani, mzee alimwambia, kwa hiyo ncha zilipakwa machungwa zionekane kwa mbali. Namba ya mkiani ilikuwa nyeusi, kumi na saba. Nilirukaruka kama mtoto. Kaka hakucheka. Alikaa akafanya kazi siku nne.

Nilipokwenda kuiona, jamani, sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Tangu mwanzo alisema kifuniko cha kioo, kile kinachomfunika rubani, atakiacha wazi ili kiti kionekane. Sasa alikuwa amekigandisha kwa gundi.

"Si ulisema utakiacha wazi?"

"Siku ile kilikuwa kimefungwa," akasema.

Nikadhani ni umilimita wake tu. Ndege ikiruka lazima ifungwe, nani asiyejua?

Tuliipeleka kwa mama mchana, dirisha likiwa wazi, lakini mwanga haukumsaidia tena. Tulichelewa. Kaka akamwekea mapajani. Vidole vya mama vikatembea polepole, bawa moja, bawa la pili, mkia.

"Rangi gani?"

"Fedha, mama. Ncha za mabawa machungwa."

"Loo! Na mimi miaka yote naiota nyekundu." Akatabasamu. Vidole vikafika kwenye kioo. "Hapa ndipo alipokaa?"

"Hapo, mama."

Akajaribu kukiinua kwa ukucha. Akajaribu tena. "Mbona hakifunguki?"

"Nimekigandisha."

Mama akaacha kukwangua. "Kwa nini umemfungia mwanangu?"

Kaka akatoka chumbani. Nikamfuata nikiwa na matusi mdomoni, nikamkuta kwenye korido, paji la uso ukutani, analia. Ndipo aliponiambia lile jingine alilolisikia kwa yule mzee. Kaka mkubwa hakufa kwa kuanguka. Ndege ilishuka ikajikokota chini, akawa mzima ndani. Kifuniko kilikwama. Mafundi walikimbia wakamwona anakisukuma kwa mikono miwili, na moto ukawatangulia.

Matusi yote yakaniishia. Miaka mitatu alitafuta ukweli kwa rula, akaupata, akaubeba peke yake.

Alijifuta uso, akachukua kisu chake cha kukatia herufi, akarudi kwa mama. Akakipachika kwenye mshono, akakaza. Kioo kikalia, kikapasuka vipande viwili, na rangi ya fedha ikabanduka mpaka shingoni mwa ndege. Hakuitazama hata.

"Kimefunguka, mama."

Mama akaingiza kidole kidogo, akapapasa kiti. Kilikuwa kitupu, kaka hakuthubutu kuweka sanamu ya mtu. Mama akapapasa tena, kila upande, uso wake ukaanza kung'aa.

"Kumbe alitoka," akasema. Akatugeuzia yale macho yasiyoona. "Sasa mbona hakuja nyumbani?"

Milimita akanitazama mimi, mwenye mdomo, nijibu.