Matundu Shinani

Golandam, mjane, alikuwa akimenya kokwa mbichi za jozi, vidole vimekolea weusi wa maganda, alipoona mjozi mkubwa wa shamba lao ukipukutisha majani ilhali mingine ingali kijani. Akafukua udongo shinani. Akakuta matundu yaliyotobolewa kwa keekee ya seremala, yananuka dizeli.

Feridun, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama nyuma yake.

“Shemeji, mti mbichi serikali hairuhusu kukata. Mkavu, ruksa.”

“Ndiyo ukaunywesha sumu?”

“Mimi? Labda wadudu.”

“Wadudu siku hizi wana keekee?”

Feridun akacheka, akaenda zake.

Golandam aliyaosha matundu, akayaziba kwa udongo, lakini mti ulikauka kabla ya theluji. Wanunuzi wa mbao walipokuja waliupima upesi, kisha Feridun akawapeleka kwenye mijozi iliyobaki, mibichi, wachague wa kukauka mwakani.