Mhadhara Niliousikilizia Dirishani

Hadi leo nikisikia mtu akiwasifu mabibi wa ile klabu kwa ustaarabu wao, damu inanichemka.

Ilikuwa klabu ya wanawake waliosoma chuo kikuu, hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Wanachama walikuwa wake za maofisa na walimu, Wazungu watupu, na sharti la kuingia lilikuwa moja tu: uwe na digrii. Mimi nilirudi na yangu kutoka Kampala, nikapangiwa kufundisha historia shule ya wasichana. Mwalimu mwenzangu, Mwingereza na mwanachama wa klabu hiyo, akaniambia nafasi yangu ipo. Desturi yao, mgeni hutoa kwanza mhadhara kuhusu alichosomea, kisha hupigiwa kura.

Niliandika kuhusu wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka kwetu hadi pwani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Niliandika na kufuta mpaka vidole vikajaa wino, maana nilijua nikikubaliwa mimi, wanafunzi wangu watapita mlango ule ule bila kuulizwa.

Mikutano yao ilifanyika katika jumba la starehe la Wazungu, ambako Mwafrika aliingia kama mtumishi tu. Nilijua. Nilidhani wasomi hawa wamelitafutia dawa jambo hilo. Dawa yenyewe mwenzangu alinipa tukiwa njiani, akitabasamu: nipitie jikoni, nibebe sinia la chai, nikifika ndani nilitue, nikae.

"Na wewe utabeba nini?" nikamwuliza.

Akawa mwekundu. Digrii zote zile, halafu akili zikaishia kwenye sinia!

Nilikwenda mlango wa mbele. Askari wa mlangoni alikuwa mzee mmoja, mtu wa kijiji cha Ipole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tafadhali usiniponze. Ukipita hapa, kesho sina kazi."

Ugomvi wangu haukuwa naye. Nikazunguka, nikasimama bustanini chini ya dirisha lililokuwa wazi. Mwenzangu akaja kuniomba karatasi, ati wenzake wasikose mhadhara. Nikampa. Niliamini wakiusikia wataona haya, watoke.

Aliusoma vizuri, hilo simnyimi. Wakapiga makofi. Babu yangu ameingia ndani, mimi nimeachwa kwenye maua.

Sauti moja ikauliza: wapagazi wakidhulumiwa walifanyaje, walivumilia tu? Mwenzangu hakujua. Akachungulia dirishani, akaniuliza swali lile lile.

"Jibu ninalo," nikasema kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Anayelitaka atoke alifuate."

Hakuna kiti kilichosogea. Nikanyoosha mkono dirishani, nikadai karatasi zangu. Mwenzangu akanirudishia, huku akinisihi nipunguze sauti. Nikaondoka nazo, na jibu lilikuwa hilo hilo: mpagazi aliyedhulumiwa aliuacha msafara, akaenda na mzigo wake.